Kola ya Bibi Rebeka

Waliokuwapo nawataja kwanza, maana nikianzia katikati wajukuu hunikatiza: "Huyo ni nani tena, Bibi?" Alikuwapo Hawe Naomi, mama yake baba yangu, hawe kwetu Warabai ndiye bibi. Alikuwapo mama yangu, Jumwa. Alikuwapo mke wa baba mkubwa, jina lake la ubatizo Eunike, ila sisi sote tulimwita Mama Furaha, na mwanawe Furaha mwenyewe, aliyenizidi miezi mitatu na hakuniacha nisahau hata siku moja. Alikuwapo Bi Zuhura, mke wa Mzee Athmani, ambaye hakuwa wa ukoo wetu wala wa dini yetu, lakini ua wake na wetu ulitengwa kwa makuti tu, na makuti yenyewe yalikuwa na mlango. Na nilikuwapo mimi, Kadzo. Wa mwisho alikuwa ukutani: Bibi Rebeka, mama yake Hawe, ndani ya fremu yenye kioo.

Juzi nimepita uani kwa watu hapa Magogoni nikakuta wanatia kofia kanji, Idi imekaribia. Ile harufu ya wanga uliopikwa, nzito, kama uji uliosahauliwa sukari, ikanishika puani nikasimama pale pale na ndoo yangu. Binti akanambia, "Shikamoo Bibi, wataka kitu?" Nikasema sitaki kitu, mwanangu. Ningemwambia nini? Kwamba naitaka shingo yangu ya utotoni?

Picha ile ilipigwa misheni, Bibi Rebeka alipokuwa msichana aliyetoka kubatizwa. Alivaa gauni jeusi la mikono mirefu, na juu ya mabega kola kubwa ya lesi nyeupe iliyoteremka mpaka kifuani. Gauni lilikuwa limemezwa na weusi wa picha, kola ikabaki peke yake inang'aa, na juu ya kola kichwa. Mimi kwa akili zangu niliamini kwamba bibi yule alikuwa kichwa kitupu kilichowekwa juu ya sahani. Nilijiuliza kichwa kitupu kilimzaaje Hawe, nikaona haya kuuliza. Siku mama aliponiambia ile si sahani, ni kola, nilifurahi kama mtu aliyeambiwa jamaa yake amepona.

Hawe alikuwa na nyumba yake ndogo ya chumba kimoja, katikati ya nyumba yetu na ya baba mkubwa. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mtu alimjua kwa kishindo cha miguu. Picha ilikuwa juu ya kitanda chake. Yeyote aliyeingia asubuhi, kabla ya kuambiwa kaa, aliulizwa, "Mama yupo?" Nawe sharti uinue macho, upitishe kitambaa kwenye kioo, ujibu, "Yupo, Hawe." Hapo ndipo huanza habari nyingine. Nimefanya hivyo tangu sijui kufunga gauni. Wote tulifanya hivyo.

Sasa kanisa letu likatangaza sikukuu ya kuwakumbuka waliobatizwa mwanzo. Kila ukoo utoe msichana mmoja, avae kama bibi wa kwanza wa ukoo huo, apite mbele, na jina la bibi likisomwa aitike kwa niaba yake. Mmoja! Na sisi tulikuwa wawili, mimi na Furaha. Tangu siku ile sikulala usingizi wa maana. Nilikuwa nikienda kisimani najiita mwenyewe, "Rebeka!" najijibu mwenyewe, "Abee!" mpaka ndoo inafurika nami sina habari.

Mama Furaha ndiye aliyewahi. "Mimi nakwenda mjini kununua lesi," akasema. "Lesi ya kweli, ya dukani. Kadzo ni mdogo, atapita mwaka mwingine."

Hawe alikuwa anachambua mchicha kwa vidole. Hakuinua kichwa. "Eunike, mimi sikusema nataka lesi. Nataka kola ya mama. Ile tulimzika nayo, nami nililia zaidi kwa ajili ya kola kuliko mtu mzima anavyopaswa. Nilipokuwa mdogo nilikaa mapajani mwake ibada nzima nikichezea vitobo vyake. Macho yameniacha, lakini vidole hivi bado ni vyangu. Shoneni. Jumamosi asubuhi mniletee nishike. Atakayeniletea ya mama, huyo ndiye atakayeitika."

Tulitoka pale mimi naruka kwa furaha na mama anakokota miguu. "Kadzo, lesi hatuna," akanambia njiani, na njia yenyewe ilikuwa hatua ishirini. "Tuna nini?" nikamuuliza. Akafungua sanduku. Palikuwa na shuka moja yenye kiraka, chandarua kilichotoboka, na mfuko wa unga, ile mifuko ya zamani ya pamba nyeupe iliyoandikwa kwa buluu. Mama akaunyoosha ule mfuko, akauvuta huku na huku, akaupeleka kwenye mwanga. "Tuna mfuko wa unga," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Akauchemsha kwa sabuni na ndimu. Maandishi yalikuwa mabishi. Mara ya kwanza yalififia, mara ya pili yakabaki kama vumbi, na mara ya tatu Bi Zuhura akachungulia mlango wa makuti.

"Jumwa! Wapika nguo ama wapika wali?"

"Napika kola, Bi Zuhura."

"Ya nani?"

"Ya marehemu."

"Lo! Hebu nione." Akaingia, akaelezwa, akapelekwa kwa Hawe, akaomba ruhusa ya kuiteremsha picha. Aliiweka karibu na pua mpaka kioo kikashika mvuke. Kisha akacheka. "Hivi ni vitobo tu! Wallahi, vitobo kama vya kofia. Mzee Athmani avaa hivi kichwani kila Ijumaa."

Bi Zuhura alikuwa fundi wa kofia za kushona kwa mkono. Yeye huweka vitambaa viwili pamoja, hudunga kitobo, hukizungushia uzi mpaka kisimame wazi kama jicho, kisha cha pili, cha tatu, mpaka kofia nzima imejaa maua ya matundu. Kofia moja ilimchukua miezi.

Mama akanong'ona, "Lakini Bi Zuhura, kazi ya kofia iende kanisani?"

"Kwani kitobo kina dini? Niletee mkasi."

Tatizo lilikuwa kipimo. Kola ya pichani ilikuwa ndogo kama kiganja changu, na Bi Zuhura macho yake yaliona sindano vizuri lakini mstari mmoja wa ile picha hakuufuata bila kupotea. "Ndoo hapa, Kadzo," akaniita nije. "Wewe una macho mapya. Hesabu. Usikisie, hesabu." Akakata karatasi ya kaki kwa mfano wa shingo na mabega yangu, akaitandaza mkekani, akanipa kikombe cha kunde kavu. Kazi yangu: nitazame pichani, kila kitobo nitakachoona niweke punje moja ya kunde kwenye karatasi, mahali pake. Nikimaliza mstari, yeye anazungushia kila punje alama kwa penseli.

Sijawahi kupewa kazi kubwa kama ile, kabla wala baada. Nilikaa mlangoni kwa Hawe tangu uji wa asubuhi mpaka kivuli kikahamia upande wa pili. Kuku wakija nawafukuza kwa mguu, maana kuku mmoja angekula ua zima. Hawe ndani ananiuliza, "Umefika wapi kwa mama?" nami namjibu, "Niko mstari wa nne, Hawe, kifuani." Anasema, "Hapo kuna viwili viwili." Natazama: kweli, viwili viwili! Kifua chote alikijua kwa moyo.

Bega la kushoto ndilo lililonipa raha kuliko yote. Pale hapakuwa na vitobo vidogo, palikuwa na ua moja kubwa, duara lisilo sawasawa, na kutoka kwenye duara mkia uliopinda kuelekea shingoni. Punje haikutosha, nikaweka kifungo cha koti la baba, na mkia nikaupanga kwa kunde saba. Nikamwita Bi Zuhura aone. "Maridadi," akasema. "Walijua kushona wale. Upande mmoja ua, upande mmoja hapana, ili jicho lisichoke."

Alishona yeye na mama, na mimi nikatunga uzi. Siku ya tatu nikaruhusiwa kushona kitobo kimoja. Bi Zuhura akakitazama. "Hiki kimelala. Kiamshe." Nikafumua, nikashona. "Sasa kinasinzia." Nikafumua tena. Mara ya nne akanyamaza, akapitiliza kwenye kitobo kingine, nami nikajua kimeamka. Nilitoka nikakimbia kuzunguka nyumba mara mbili bila sababu.

Furaha alikuja kupeleleza. Alisimama mlango wa makuti na kipande cha lesi ya dukani amejifunga kichwani. "Kola ya unga!" akaimba. "Kola ya unga! Ukitoka jasho itageuka ugali!"

"Heri ugali kuliko pazia!" nikamjibu. Bi Zuhura alicheka mpaka akadungwa na sindano.

Ijumaa jioni tukapika kanji ya muhogo. Kola ikachovywa, ikakamuliwa polepole, ikapigwa pasi ya makaa ingali na unyevu. Ile harufu! Mama alipoinyanyua ilisimama yenyewe, ngumu, nyeupe, vitobo vyote vimefumbua macho. Bi Zuhura akasema, "Mashallah," akajifuta uso kwa ncha ya leso.

Jumamosi asubuhi tulikuwa sote chumbani kwa Hawe, yeye kitandani, sisi tumesimama kama watu wa hospitali. Akaanza na ya Furaha. Akapitisha vidole. "Laini," akasema. "Nzuri. Hii ni ya harusi ya mtu. Ya mama siyo." Mama Furaha akaichukua, akaikunja.

Akashika yangu. Vidole vikaanzia kifuani, viwili viwili. Vikapanda. Uso wake ulikuwa unafunguka kidogo kidogo, wallahi niliona, kama mtu anayesikia anaitwa kwa mbali. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo. Mayo wangu, mama yangu." Nami nilikuwa nimekwisha shinda, moyoni nilikuwa nimekwisha fika mbele kanisani. Vidole vikafika bega la kushoto, vikasimama.

"Hili ni nini?"

"Ndilo ua kubwa, Hawe," nikasema kwa majivuno. "La begani, na mkia wake."

"Ua kubwa la nani?"

"La Bibi Rebeka. Liko pichani."

Mama akaiteremsha picha ili anitetee. Akaipeleka mlangoni kwenye jua. Mama Furaha akasogea, Bi Zuhura akasogea, vichwa vitatu juu ya kioo. Kisha Furaha, aliyekuwa amejipenyeza chini ya kwapa la mama yake, akapiga kelele: "Si ua! Ni mdudu! Kadzo ameshona mdudu! Amekula picha, akapita huku akatokea huku!" Akacheka akashika tumbo.

Mama yake alimziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limekwisha toka.

Nilitaka ardhi inimeze. Siku sita! Bi Zuhura amezungushia uzi kila upande wa lile tundu, amelipendezesha, tumelitia kanji, na ni njia ya mdudu. Nilikuwa nimekwisha anza kulia, ndipo nikaona kwamba watu wazima hawanitazami mimi. Wanamtazama Hawe.

"Mdudu gani?" Hawe akauliza.

Mama akaigeuza picha, kioo chini.

"Nimeuliza, mdudu gani? Jumwa? Eunike? Kila siku mwaingia humu. Namuuliza kila mtu, mama yupo, naambiwa yupo. Mdudu amemla mama mpaka begani, na nyinyi mwapangusa kioo?"

Mama akapiga magoti. "Hawe, tulidhani... hatukutaka uumie. Nami nikishona nilifuata alama za penseli tu, tundu la pichani sikulikumbuka."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka juzi," akasema Mama Furaha, na sauti yake haikuwa na kiburi hata chembe. "Mimi ndiye niliyeona kwanza. Niliogopa kukwambia."

Hawe akailaza kola magotini, vidole vikarudi kwenye lile tundu. Mimi sikujua wanasema nini. Nilidhani tu nimeharibu kazi na kila mtu amekasirika kwa ajili yangu. Nikasema, "Hawe, nisamehe, nitaliziba. Mama ana kiraka."

"Ndoo hapa," akasema. Akanivuta kwa mkono mpaka nikakaa kitandani. "Ulizibe kwa nini? Wewe wajua palikuwa na nini?"

"Sijui, Hawe."

"Basi mimi pia sijui." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Mimi nilifika kifuani tu. Mapajani mwa mtu mkono wa mtoto haufiki begani. Nilipokuwa na macho nilimtazama uso tu; nilidhani sehemu ya begani iko pichani, siku moja mtu atanieleza." Kisha akachukua kidole changu akakiweka kwenye kola. "Wewe humu ndani ndiye uliyemtazama mama. Nieleze. Amelika wapi na wapi?"

Nikamweleza. Nikapitisha kidole chake kwenye duara, kwenye mkia, mpaka ukingoni. "Na uso?" "Uso haujaguswa, Hawe." "Macho?" "Yote mawili." "Mdomo?" "Amefunga mdomo, kama anazuia kucheka." Alinishika mkono kwa nguvu mpaka pete yake ikaniuma. "Hivyo hivyo," akasema. "Alikuwa hivyo hivyo."

Akaamua hapo hapo. Kola nitavaa mimi, na tundu lisizibwe. Furaha atapita pembeni yangu akiwa ameibeba picha, na ile lesi yake ya dukani itapigwa pindo iwe kitambaa cha kufunikia fremu, wadudu wakose njia. Mama Furaha aliitikia, "Ndiyo, Hawe," akaenda kutafuta uzi kabla hajaambiwa.

Jumapili, jamani! Gauni jeusi lilikuwa la mama, limebanwa nyuma kwa pini nane. Kola ilinikwaruza kidevuni kila nikigeuka, basi sikugeuka. Nilitembea kama mtu aliyebeba mtungi. Hawe alikuja kanisani, yeye ambaye hakutoka nje ya ua tangu macho yamwache, ameshikwa na mama mkono huu na Mama Furaha mkono huu. Bi Zuhura alisimama nje dirishani na buibui lake, pamoja na shoga zake wawili, akiwaonyesha kwa kidole: "Kile, kile cha pili kutoka kifungo cha shingoni, ni changu. Kile kibovu ni cha mtoto." Jua lilikuwa kali na kanji ikaanza kulainika kweli, nikahisi shingo inanata, nikasikia Furaha ananong'ona, "Ugali huo," nami nikacheka mbele ya watu wote huku nimefumba mdomo.

Mchungaji akaanza kusoma majina. Jina la kwanza halikuwa la bibi yangu, wala halikufanana nalo hata kidogo, lakini mimi nilikuwa nimejaa kama ndoo. Nikaitika, "Abee!" kwa sauti ya kuvunja kioo. Kanisa zima likaangua kicheko. Yule msichana aliyestahili kuitika, Mbeyu, binti wa Mzee Yohana, alinikodolea macho kama nimemwibia chakula. Mchungaji akasubiri, akasoma tena, Mbeyu akaitika. Lilipofika la Bibi Rebeka nilikuwa nimeogopa, sauti haikutoka. Akalisoma mara ya pili. Furaha akanipiga kiwiko cha mbavu, na tukaitika wawili pamoja, mimi na yeye, "Abee!" Hakuna aliyetukataza.

Baada ya ibada wazee wa kike walimzunguka Hawe chini ya ukuta wa kanisa, nami nikasimamishwa katikati nigeuzwegeuzwe. Hawe aliwauliza mmoja mmoja, huku anawashikisha bega langu: hapa palikuwa na nini? Bi Salome akasema palikuwa na jani kama la mpapai. Bi Dorika akasema si jani, ni ndege. Mama Persisi akasema hapakuwa na kitu, vitobo vya kawaida tu, na hao wawili hawakuwa wamezaliwa. Wakagombana hapo mpaka jua likapinda, na Hawe katikati yao anacheka, anageuza kichwa kwa kila sauti, nikashangaa kuona mtu mzima afurahie hivyo ugomvi usio na mwisho.

Sasa wote hao wamekwenda. Furaha naye tumemzika mwaka huu; yeye angenisahihisha bila kuulizwa. Mimi nimesema bega la kushoto. Pengine ni la kulia, maana nilitazama picha ana kwa ana na upande wa mtu aliye mbele yako hugeuka. Nimesema aliyetaja ndege ni Bi Dorika. Pengine ni Mama Persisi. Wewe uliyekuwa pale, au mama yako aliyekuwa pale, kama nimekosea jina niambie, sitaudhika. Na kama mna sandukuni picha yoyote ya wasichana wa misheni wa zamani zile, hata imekunjika, hata imekatwa, na katikati yao yumo mmoja mwenye kola kubwa nyeupe, amefunga mdomo kama anazuia kucheka, tafadhali mtazameni begani, mnieleze.